Trei ya Mashimo Manane

Mama yangu anauza mayai, na kila kitu duniani anakipima kwa trei. Trei ina mashimo thelathini, hiyo kila mtu mtaani kwetu Landless anajua, lakini ni mama peke yake atakayekuambia kwamba Februari ni trei ambayo mtu ameiba mayai mawili. Nilipofikisha miaka ishirini na mbili alisema trei yangu bado haijajaa, kwa hivyo nisithubutu kuleta mwanaume nyumbani. Na nilipomletea matokeo yangu ya kwanza ya hesabu kutoka chuoni, alama ishirini na tatu, hakuuliza wenzangu walipata ngapi. Aliuliza pasi ni ngapi. Nikamwambia ni arobaini.

"Trei moja na kumi," akasema. "Na wewe hata trei haijajaa."

Mara ya pili nilipata thelathini na moja. Mama alikuwa na kikapu cha mayai magotini. "Trei moja na yai moja," akasema. "Na hilo yai moja nadhani mwalimu alikuonea huruma."

Nilikuwa nasomea diploma ya umeme katika chuo kimoja kule Ruiru. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: somo likikushinda mara tatu, unafunga mizigo. Hawakufukuzi kutoka kwa somo hilo, wanakufukuza kutoka kwa geti. Kwa hivyo nilikuwa nimebakisha mtihani mmoja tu, na baada ya huo ni umeme ama ni Membley.

Membley anaishi tata, yaani dada mkubwa wa mama. Ana nyumba yenye uwanja wa matofali ya cabro mpaka mlangoni, mapacha wa miaka mitatu wanaouma watu, na mbwa mmoja mwoga ambaye lazima apelekwe matembezi akishikwa mkono, karibu niseme. Alikuwa amemwambia mama kwamba nikishindwa nisihangaike, niende kwake nimsaidie na nyumba, kile chumba cha nyuma kiko tupu. Alisema kwa roho safi, sikatai. Lakini baada ya ile thelathini na moja alianza kunipigia simu kila Jumamosi. "Mami, unasoma ama nikuwekee kitanda?" Wiki moja akauliza napenda pazia za rangi gani. Mimi nina hasira za karibu, sijifichi, na simu za tata zilikuwa zinanifanya nisugue sufuria mpaka inatoboka.

Mama na tata wananiita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yao, na kwetu mtoto akirithi jina anarithi na heshima yake. Ndiyo maana mama hata akinigombeza ananigombeza kwa adabu. "Mami, wewe ni mjinga," anasema, na sauti iko chini kabisa.

Sasa, vitu vilivyokuwa vinanishinda ni viwili. Cha kwanza ni besi za namba. Sisi watu wa kawaida tunahesabu kwa makumi na hatujawahi kumkosea mtu, lakini wenye mitambo wanahesabu kwa mawili, kwa manane, kwa kumi na sita, na mwalimu anataka uchukue namba huku uipeleke kule bila kumwaga kitu njiani. Cha pili ni polinomia, ile misururu ya x: x yenye kipeo cha tatu, x yenye kipeo cha pili, x mtupu, halafu namba moja pale mwisho imesimama peke yake. Unaambiwa x ni nne, tafuta yote ni ngapi. Nilikuwa naanza vizuri, na nikifika katikati nashangaa kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Wokovu wangu ulikuja kwa njia ya kalkuleta. Nilipewa na msichana mmoja aliyekuwa anamaliza kozi. "Hii si ya kuongeza na kutoa," aliniambia. "Hii unaifundisha." Unaiandikia maagizo, inayaweka kichwani mwake, halafu kazi yako ni kuipa namba na kusubiri jibu. Nilikagua orodha ya kalkuleta zinazokubaliwa kwa mtihani na hiyo yangu nikaikuta humo, nikajua Mungu ni wa Landless pia.

Nilichukua miezi mitatu kuifundisha. Kusema kweli sikuwa naelewa ninachoandika. Niliokota agizo moja kwa kijitabu chake, lingine kwa rafiki, nikaandika, nikajaribu. Jibu likikataa, nabadilisha kujumlisha kuwa kutoa. Likikataa tena, nahamisha mshale. Naendelea hivyo, vile mtu hutafuta stesheni kwa redio ya zamani, hadi jibu lifanane na lile lililoandikwa nyuma ya kitabu. Kufikia mwezi wa tatu kulikuwa na maagizo zaidi ya mia mbili humo ndani. Kuna mahali nilikuwa nazidisha kwa moja. Kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu, hata mtoto anajua, lakini nikiiondoa hiyo moja programu yote inaanguka. Nikaiacha. Nilikuwa naizunguka kwa heshima.

Lakini ilifanya kazi. Ukiipa namba ya besi ya kumi inakupa ya nane, ukiipa polinomia inakupa jibu, na mimi nakaa tu nimekunja mikono. Sikuiandika mahali popote. Niliona kuandika ni kazi ya mtu asiyeamini mashine yake.

Ijumaa kabla ya mtihani nilienda Ruiru kuchukua kadi yangu ya mtihani. Asubuhi nilikuwa nimejaribu programu mara ya mwisho, nikaiacha kalkuleta mezani. Niliiacha katika besi ya nane. Mtu asiyejua hawezi kuona tofauti, isipokuwa herufi tatu ndogo pembeni mwa kioo. Lakini katika besi ya nane hakuna tarakimu ya nane wala ya tisa. Ukibonyeza 8, kioo kinakaa kimya. Na ukiongeza saba na moja, jibu linaandikwa 10.

Yaliyotokea nikiwa Ruiru mama amenisimulia mara nyingi, na kila mara huyo mteja anazidi kuwa na kichwa kikubwa. Ni mwanaume mwenye hoteli kule Kamenu. Alikuja na pikipiki kuchukua mayai ya ruracio fulani, sherehe ya kupeleka mahari. Mama alikuwa amemtafutia trei ishirini na nne kwa mfugaji mmoja na kumi na tano kwa mwingine. Hajazima pikipiki, mama ameshamwambia: thelathini na tisa. Mtu wa hoteli akasema, "Weka kwa mashini nione."

Mama hajawahi kukosea hesabu ya mayai tangu aanze biashara, na hajawahi kuombwa aweke chochote kwa mashini. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Aliingia ndani kwa kishindo, akachukua kalkuleta yangu, akabonyeza mbele ya yule mtu: 24, kujumlisha, 15. Kioo kikasema 41.

"Mashini haidanganyi, mama," akasema mtu wa hoteli. "Hizo mbili ziko wapi?"

Mama alisema thelathini na tisa. Mtu wa hoteli akasema arobaini na moja. Wakahesabu trei moja moja kwa mkono, zikawa thelathini na tisa, na mtu wa hoteli bado akasema basi kuna mbili zimefichwa. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mwishowe mama aliingia ndani akatoa trei mbili za mteja wa Jumamosi, akampa ili aende. Anasema hajawahi kuona aibu kama hiyo, na mama alishawahi kuanguka na trei kumi mbele ya kanisa.

Mtu wa hoteli alipoondoka, mama alikaa chini na kalkuleta na akaanza kuichunguza vile huchunguza kuku mgonjwa. Nane, haiandiki. Tisa, haiandiki. Saba ongeza moja, kumi. Hapo akajua. Nane na tisa zimekufa, na hizo zingine zimechanganyikiwa kwa sababu ya msiba. Na mimi mtoto wake naenda kufanya mtihani Jumatatu na mashine kama hiyo. Kumbe ndiyo maana napata thelathini na moja. Mama aliona kila kitu waziwazi. Akafunga kibanda saa tisa mchana, jambo ambalo hajafanya hata siku niliyozaliwa, akaifunga kalkuleta kwa kitambaa cha kichwa na kuipeleka kwa fundi wa simu Kamenu.

Nilirudi jioni nikamkuta amesimama mlangoni akinisubiri. Alinipa kwa mikono miwili.

"Mami, nimekutengenezea."

Akabonyeza mwenyewe nikiangalia. 8, 8, 8, 8, 8, kioo kizima kikajaa nane. Kisha saba ongeza moja. Nane. Alikuwa anatabasamu mpaka lile jino la nyuma linaonekana. Mimi nikachukua kalkuleta, nikafungua mahali pa programu, nikakuta hakuna kitu. Nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Miezi mitatu, maagizo mia mbili, na ile moja yangu ya kuzidisha, vyote vimeenda. Nilikaa kwa kreti nikalia kwa sauti, na mama akanipigapiga mgongo akisema si kitu, si kitu, huyo fundi hata alikubali mayai sita tu. Alidhani nalia kwa furaha.

Nilimpigia fundi simu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana kwa lugha tatu.

"Dada, shukuru Mungu," akaniambia kabla sijaanza. "Hiyo kitu ilikuwa imejaa virusi. Mishale, maherufi, vitu zinarudi nyuma. Nimeona kashimo kadogo hapo nyuma kameandikwa riseti, nikaingiza pini, nikatoa yote. Saa hii iko safi kama imetoka dukani."

Nikakata simu. Utamtukanaje mtu kama huyo?

Jumamosi yote nilijaribu kuandika tena. Ndipo nilipogundua kwamba huwezi kukumbuka kitu ambacho hukuwahi kukijua. Nilikumbuka kuna mshale mahali. Nilikumbuka ile moja. Kila nilichoandika kilitoa jibu la ajabu. Besi ya nane yangu ilikuwa na tisa mbili ndani. Tata akapiga simu saa nne akasema ameamua pazia ziwe za kijani. Sikumjibu vizuri. Mama nilikuwa simsemeshi kabisa, na yeye alikuwa hajui kosa lake, anazunguka nyumba polepole na kuniwekea chai mahali nitakapoiona.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa nje kupanga mayai. Hiyo ni kazi ya kila Jumapili, hata mkiwa mmenuniana. Mayai yanaletwa na wafugaji yamechanganyika, sisi tunayapanga kwa trei, na trei kumi zikitimia mama anazifunga kwa kamba ya manila, anaita mzigo. Tulipanga trei kadhaa. Mwishowe akauliza, bila kuniangalia:

"Mami, hiyo mashine ilikuwa inafanya nini kabla niiharibu?"

Kumbe alikuwa amejua. Hasira yote ikanitoka mahali ilipokuwa ikakosa pa kwenda. Nilimwambia haikuwa imeharibika, niliiacha katika besi ya nane. Ilikuwa inageuza namba.

"Inageuza kuwa nini?"

"Kuwa namba ingine."

"Kwani ya kwanza ilikuwa na makosa gani?"

Nikavuta pumzi. Nikaanza kumweleza vile mwalimu alinieleza, maana sikuwa na njia ingine. Katika besi ya nane hakuna nane. Unahesabu mpaka saba, ukifika nane unaandika moja na sifuri. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka, nikitarajia aseme shule za siku hizi ni wizi. Mama alikuwa ameshika yai hewani.

"Kwani hiyo si trei?" akasema.

"Trei gani?"

"Mayai ishirini na tisa ni mayai. Ukiweka la thelathini, je, uko na mayai? Huna. Uko na trei moja, na yai hakuna." Akaweka lile yai kwenye shimo la mwisho akanionyesha. "Moja, na sifuri. Hao wako wa nane wana trei ya mashimo manane. Ni trei ndogo tu, mami. Ni za watu maskini."

Yeye akaona sijashika, akainuka, akaleta kisu cha jikoni na trei kuukuu, akaanza kuikata. Trei ni mistari mitano kwa sita. Alikata vipande vitatu vya mashimo manane manane, kile kilichobaki akakitupia kuku wa jirani. Akaendelea kukata trei zingine mpaka uwanja ukajaa vijitrei. Jirani alipita akatusalimia, akaangalia, akaamua asiulize.

"Nipe namba ya mwalimu," akasema mama.

Nikafungua kitabu. Mia moja, iwe ya besi ya nane. Tukahesabu mayai mia moja, tukajaza vijitrei. Vilijaa kumi na viwili, na mayai manne yakabaki.

"Kumi na mbili, nne," nikasema. "Mia na ishirini na nne."

"Mami, wewe ni mjinga," akasema mama kwa upole. "Trei zikijaa hesabu yake si unafunga mzigo? Hawa watu kila kitu chao ni nane. Funga nane."

Akachukua vijitrei vinane, akavipanga juu kwa juu na kuvifunga kwa kamba. Kukabaki mzigo mmoja, trei nne, mayai manne. Moja, nne, nne. Nikageuza kitabu nyuma. Jibu lilikuwa 144.

Nilikuwa nimekaa madarasani mihula mitatu, na jambo lenyewe lilikuwa linafungwa kwa kamba ya manila nyumbani kwetu kila Jumapili, mimi mwenyewe nikiishika ile kamba ili fundo likaze. Niliona aibu na nikaona furaha, vyote pamoja, na nikacheka mpaka nikavunja yai.

Halafu nikamwuliza hesabu ya kurudi. Ukiwa na mizigo miwili ya kweli, trei nne na mayai saba, unajuaje ni mayai mangapi? Maana hilo nalo linaulizwa.

Mama alishangaa kwamba hilo ni swali. "Mizigo miwili, mara kumi, trei ishirini. Ongeza zile nne, ishirini na nne. Mara thelathini, mia saba na ishirini. Ongeza saba." Alisema haraka, kama mtu anayesoma namba yake ya simu. Zidisha, ongeza, zidisha, ongeza. Na mimi nilikuwa nimeshaona hiyo zidisha-ongeza mahali. Nikafungua ukurasa wa polinomia. Tatu x kipeo cha pili, jumlisha mbili x, jumlisha tano, x ni nne.

Mizigo mitatu, trei mbili, mayai matano. Trei ina mashimo manne, na mzigo una trei nne. Tatu mara nne, kumi na mbili, ongeza mbili, kumi na nne, mara nne, hamsini na sita, ongeza tano. Sitini na moja. Nyuma ya kitabu: 61.

"Huyu x ni nani?" akauliza mama.

"Ni trei ambayo mwenyewe amekataa kusema ina mashimo mangapi."

"Mtu wa Kamenu huyo," akasema mama.

Nilimwonyesha lile swali lililoniangusha mara ya pili. Lilikuwa na x ya kipeo cha tatu, ya kipeo cha pili, kisha likaruka x mtupu, likaenda moja kwa moja kwa namba ya mwisho. Na mimi nikamruka vilevile. Mama alitikisa kichwa.

"Hapo hakuna trei. Lakini lazima useme hakuna trei. Sema sifuri, ndiyo uendelee. Ukinyamaza, mayai yatapanda cheo yakae mahali pa trei, na kesho uko na kesi na mteja."

Kwa hivyo ndiyo hiyo. Alama zangu zote zilizopotea, mayai yalikuwa yamepanda cheo.

Niliandika programu upya nikiwa nimekaa kwa kreti, jua bado liko juu. Haikufika mistari minne. Zidisha kwa ukubwa wa trei, ongeza kilichotajwa, rudi mwanzo. Programu hiyo moja ilifanya polinomia na besi za kurudi kumi pia, na kwa za kwenda nikaongeza kajishale ka kugawa na kuchukua masalio. Hakukuwa na kuzidisha kwa moja mahali popote. Nilijua kila agizo linafanya nini na kwa nini liko pale. Nikamwonyesha mama, akaangalia kioo na kuniambia afadhali hiyo, ile ya kwanza hata fundi ilimtisha.

Jumatatu nikaenda Ruiru. Kalkuleta nilikuwa nimeiweka mfukoni mwa ndani, na nikiwa njiani niliigusa mara nyingi kuhakikisha iko. Tuliketi. Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sweta ya rangi ya marun na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla ya kugawa karatasi alisimama mbele, akainua pini moja ndefu hewani ili sote tuione.

"Kuanzia muhula huu, kalkuleta zenye kumbukumbu zinasafishwa kabla ya mtihani," akasema. "Geuza yako kifudifudi, ngoja nikufikie."

Akaanza safu ya mbele. Alifanya polepole, kwa usafi, kama nesi wa chanjo. Nilimwona anakuja, pini iko mkononi, na nilijaribu kukaa kama mtu mwenye akili. Akafika kwangu. Akaingiza pini kwenye kale kashimo. Na mimi nikaanza kucheka. Si kucheka kwa kujificha, nilicheka mpaka meza ikatikisika.

"Nini inakuchekesha?"

"Hakuna, madam. Ni mara ya pili wiki hii."

Aliandika namba yangu ya kadi pembeni mwa karatasi yake, akaendelea. Nilitambua kwamba kama mama asingeenda kwa fundi Ijumaa, hapa ndipo ningelia. Ningekaa mbele ya karatasi hiyo na maagizo mia mbili yamefutika na bongo iko kavu, na kufikia saa sita tata angekuwa anatundika pazia za kijani.

Swali la kwanza lilikuwa namba ya kupeleka besi ya nane. Ningeweza kuandika programu tena, nilikuwa nayo yote kichwani. Sikuiandika. Nilichora vijitrei kwa karatasi ya kufanyia kazi, nikavifungia mizigo, na hata kamba nikaichora. Swali la nne lilikuwa polinomia, na humo katikati walikuwa wameruka x mtupu, wakidhani sitaona. Nikaandika pale sifuri kubwa na kuizungushia duara. Yule mama wa sweta alipita nyuma yangu, akasimama, akainama kuangalia ile michoro ya mayai. Nilimsikia akipumua. Kisha akaenda.

Matokeo yalikuja baada ya majuma kadhaa, kwa simu, nikiwa kibandani na mama. Alikuwa anamhudumia mteja. Nilifungua ujumbe, nikausoma, nikausoma tena kuanzia chini kwenda juu ili nisijidanganye.

"Mama. Matokeo ya hesabu."

Hakugeuka. Aliendelea kupanga mayai ya mteja kwa karatasi, lakini mkono ulikuwa umeanza kwenda polepole. "Ngapi?"

"Sabini na mbili."

Mkono ukasimama. Mteja akangoja. Mama alikuwa anaangalia mayai yaliyokuwa mbele yake, na midomo yake ilikuwa inasonga kidogo, yeye ambaye hesabu haijawahi kumchukua hata sekunde.

"Trei mbili," akasema. Akaanza upya. "Trei mbili, na mayai kumi na mbili."

Akamwomba mteja radhi, akaingia nyuma ya kibanda, na nikamsikia akilia, na huko nyuma akilia bado alikuwa anairudia hiyo hesabu.